Sauti ya Bwana D.O.

Tulimwacha Mzee Salesio Muthamia amesimama wima katikati ya ukumbi wa Githongo, kule Meru, kofia kaibana kifuani, visigino vimegongana, na maneno mawili ya Kiingereza yameshamponyoka.

"Yes, sir!"

Naam, msomaji, hukusoma vibaya. Mwenyekiti wa chama cha kahawa, mtu ambaye wakulima huvua kofia wakiona gari lake tu, alikuwa amemwitikia msichana. Msichana aliyevaa kaptura ya kaki na masharubu ya manyoya ya mbuzi. Makandi, mpiga taipu wa ofisini mwake!

Na wala Makandi hakuwa akisema naye. Alikuwa jukwaani anaigiza D.O., mkuu wa tarafa wa enzi za Mwingereza, anamkaripia mwigizaji mwenzake asimame anaposemeshwa na Serikali. Aliyesimama ni Mzee Salesio, huko chini, kiti cha mbele.

Mzee mmoja aliyepigana Burma akapiga kelele kutoka nyuma, kama sajini anayewaruhusu askari walegeze miguu.

"Salesio! Stendatiis!"

Lo! Watu walicheka mpaka benchi likaanguka. Kina mama walishikana mabega wasianguke nalo. Mzee Salesio akaitazama kofia yake kana kwamba si yake, akaivaa, akatoka kwa mlango wa kando bila kumuaga mtu.

Makandi hakucheka. Alikuwa amemwona mtu mwingine akitoka, huyu kwa mlango wa nyuma, leso kajiziba nayo mdomo. Ni mama yake.

Kesho yake asubuhi Makandi aliitwa ofisini kwa mwenyekiti.

"Funga mlango."

Akafunga. Akabaki amesimama, kwa sababu hakuambiwa aketi.

"Hiyo sauti umeitoa wapi?"

"Ni maigizo tu, Mzee."

"Sijakuuliza kama ni maigizo. Nimekuuliza umeitoa wapi. Yule mzungu alitoka hapa wewe ukiwa wa kubebwa mgongoni."

Makandi akashtuka. "Yule mzungu gani, Mzee? Kwa mchezo hana jina."

Mzee Salesio akajua ameteleza. Akavuta droo, akaifunga, akaivuta tena. Ndani hamkuwa na chochote alichotaka.

Watu wa makamo pale Githongo walijua, ila hawakulitaja kwa sauti, kwamba kabla ya kuwa mwenyekiti Salesio alikuwa chifu, na kabla ya kuwa chifu alikuwa mkalimani wa D.O. siku za Emajensi, ile Hali ya Hatari ya Mwingereza. Alizunguka na mzungu wake kutoka Siakago kule chini kwenye joto mpaka huku juu kwenye kahawa. Mzungu akisema, yeye anatafsiri. Watu walipandishwa malori ya kambini kwa kinywa chake.

"Sikiza, kairitu, msichana wewe," akasema, sasa kwa upole unaotisha kuliko kelele. "Jumamosi ni finali ya maigizo ya mkoa kule Embu. Wakubwa watakuwa huko, na mimi ndio mgeni wa heshima. Wewe hutaenda. D.O. atakuwa Misheck."

"Misheck wa stoo?"

"Misheck wa stoo. Lori ni la chama, dizeli ni ya chama. Na ukikanyaga hilo jukwaa la Embu, usikanyage tena hii ofisi."

"Mzee, kosa langu ni nini?"

"Umenisikia ama hukunisikia?"

"Nimekusikia. Ni wewe hujanijibu."

Hapo Mzee akagonga meza mpaka wino ukamwagika. Makandi akatoka. Alirudi kwenye mashine yake akapiga barua nzima ya mbolea, mpaka mwisho, pa, pa, pa, ndipo akagundua hajaweka karatasi.

Jioni akaenda kwenye mazoezi hivyo hivyo. Mwalimu Kithinji ndiye aliyeutunga ule mchezo, ndiye aliyeuongoza, na ndani yake aliigiza mkalimani wa D.O. Mtu mwema, ila moyo wake ulikuwa wa kuku.

"Makandi, wacha tu mwaka huu," akasema. "Mwaka ujao tutaona."

"Mwalimu, umekaa miezi ukinifunza kusimama kama mzungu. Leo unaniambia nikae chini kama nani?"

Kithinji akaangalia viatu vyake. Vilikuwa vya kawaida tu.

Na Misheck je? Jamani, Misheck! Kijana mtanashati, kifua mbele, lakini Kizungu chake alikiokota kwenye gari la sinema lililokuja sokoni na filamu za mabwana wa farasi na bastola. Maneno aliyatafuna kama miwa, kisha akayatoa kwa pua. D.O. wake alitembea ametanua miguu kama mtu aliyeshuka farasini sasa hivi. Alipowafokea wafungwa, ungedhani anapiga mnada wa ng'ombe.

"Heeey yuuu, mistaaa!"

Wenzake walilala chini kwa kicheko. Makandi alitoka nje kabla hajalia mbele ya watu. Kazi angeipoteza, sawa, kazi ni kazi. Lakini ile nafasi jukwaani ilikuwa kitu cha kwanza maishani mwake alichokifanya akajua hakuna wa kumshinda. Kunyang'anywa apewe kauboi!

Nyumbani, Felicitas, mama yake, alikuwa hajasema neno tangu siku ya mchezo. Makandi alimkuta shambani anachuma kahawa, kikapu kiunoni, vidole vinakwenda mbio.

"Mama, umenikasirikia?"

"Ile sauti," mama akasema bila kugeuka. "Nani alikufunza?"

"Ni redio. Ile stesheni ya London. Mchana wenzangu wakienda kula, mimi nabaki ofisini namwigiza yule msoma habari." Akasita. "Lakini mwanzo wake ni wewe."

"Mimi?"

"Ule wimbo wako, Mama. Wa kuchuma kahawa."

Niwaeleze kuhusu huo wimbo. Tangu Makandi apate akili, mama yake alikuwa na kitu alichokinong'ona akiwa peke yake, maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Alikitoa kwa sauti nzito isiyo yake, midomo haifunguki vizuri, kama fundi wa cherehani aliyebana pini menoni. Watoto walikichezea nyuma ya nyumba. Kwa hiyo Mwalimu Kithinji aliposema, Makandi, nitafutie sauti ya D.O., Makandi hakuhangaika. Alianzia hapo, redio ikamalizia.

"Ule si wimbo," mama akasema, na sasa akageuka. "Yale ni maneno ya yule mzungu, siku walipomchukua baba yako."

Makandi akasogea karibu naye.

"Nilikuwa nimesimama hapo karibu, wewe mgongoni. Kiingereza sikujua hata kidogo. Lakini nilijiambia, haya ndiyo maneno yaliyomchukua Marete, siwezi kuyaacha yapotee. Nikayashika vile yalivyotoka. Ndio maana nayarudia. Nikiacha siku nyingi, naogopa yatanitoroka."

"Na hukumuuliza mtu maana yake?"

"Nilimuuliza katekista, akaniambia hicho si Kiingereza. Hata wewe nilikuuliza ukiwa Form Two. Ulicheka."

Kweli, alicheka, na sasa aliona haya. Lakini angejuaje? Kiingereza alichofunzwa shuleni kilikuwa cha walimu wa huku kwetu, kila neno limesimama kivyake, safi, linasikika mpaka ng'ambo ya mto. Hiki cha mama kilikuwa kimemezwa nusu, na nusu iliyobaki imeshikana. Haikumpitia akilini kwamba ni lugha ile ile. Ila siku zile hakuwa na miezi ya redio ya London masikioni.

"Yaseme tena, Mama. Usiyanyooshe. Yaseme vile vile alivyoyasema yeye."

Felicitas akaweka kikapu chini. Akanyoosha shingo. Na kutoka kwa mwanamke huyo aliyeachia shule darasa la kwanza, ikatoka sauti ya mwanamume wa Kiingereza, imechoka, imekerwa na jua, inataka chai yake.

"Nokeisagensdhisman. Letimgohoum."

Makandi akainamisha sikio.

"Tena."

Mama akarudia. Hakukosea hata pumzi.

"Mama." Makandi alishika tawi la kahawa, matunda yakamwagika. "Salesio alitafsiri akasema nini?"

"Alisema, 'Bwana D.O. amesema huyu ni mbaya, mpandisheni lori.' Akapandishwa. Wiki ile ile Salesio akaja hapa mlangoni akaniambia Marete amefia njiani, nisiulize hata kaburi. Na shamba letu la mtoni akapewa yeye."

"Mzungu hakusema hivyo."

"Alisema nini?"

"Alisema hakuna kesi juu ya huyu mtu. Mwacheni aende nyumbani."

Felicitas hakulia, msomaji. Alikaa chini pale pale kwenye udongo, miguu mbele kama mtoto. Miaka yote hiyo alibeba maneno akidhani ni hukumu ya mumewe, kumbe ni ruhusa yake ya kurudi nyumbani. Alikaa hivyo mpaka kivuli cha kahawa kikamfikia. Kisha akauliza jambo moja.

"Hiyo Embu ni lini?"

"Jumamosi. Lakini nimekatazwa, Mama. Lori ni la Salesio."

"Lori ni la Salesio," mama akasema, akijipangusa udongo. "Na barabara ni yake pia?"

Jumamosi walishuka Embu kwa pikapu ya mwanamke wa soko la Gakoromone aliyepeleka viazi, mama mbele na dereva, binti nyuma juu ya magunia, vumbi mpaka kwenye nyusi. Ofisi alikuwa ameiaga moyoni tangu walipopita Chuka. Alishangaa jinsi alivyojisikia mwepesi.

Ukumbi wa Embu ulikuwa umefurika. Makarani wa mkoa, walimu, wanafunzi wa vyuo, watu wa Kiingereza chao. Upande wa kulia walikaa kina mama wa ngoma kutoka Siakago, walioalikwa kucheza wakati wa mapumziko. Na mbele kabisa, suti mpya, ua kwenye koti, alikaa Mzee Salesio Muthamia.

Felicitas alipata nafasi nyuma. Makandi akazunguka mlango wa nyuma wa jukwaa, akajibanza penye mapazia. Misheck alikuwa ameshaanza.

"Heeey yuuu, mistaaa!"

Mungu wangu! Ukumbi mzima uliangua kicheko. "Huyo ni D.O. ama ni kauboi?" mtu akauliza. "Farasi amefungwa wapi?" mwingine akadakia. Majaji walitazamana. Na aliyecheka kuliko wote alikuwa Mzee Salesio, anapiga paja, anafuta machozi. Mbona asicheke? Mzungu wa namna hiyo hawezi kumwamsha mtu kitini.

Pazia likafungwa kwa mapumziko. Ngoma za Siakago zikaanza kulia huko mbele. Misheck akaingia nyuma, akamwona Makandi, akatabasamu mpaka masharubu yakabanduka upande mmoja.

"Nilijua utakuja! Shika hii kitu." Akayang'oa yote, akampa.

"Misheck, unafanya nini?"

"Nimeharibu kusudi. Unadhani mimi sijui hiyo ni Kizungu ya ng'ombe? Mzee aliniambia nikicheza poa atanipatia kazi yako. Kazi yako nitaifanyia nini, na kwetu wananiambia mjomba wangu alipandishwa yale malori?" Akavua na kaptura ya kaki, akabaki na ile yake ya chini. "Vaa haraka. Hii baridi ya Embu si mchezo."

"Hapana!" Mwalimu Kithinji alifika mbio, jasho linamtiririka. "Makandi, hapana! Chairman yuko hapo mbele, unaweza kumgusa! Atatumaliza sisi wote!"

"Mwalimu, chungulia."

"Nini?"

"Chungulia majaji."

Kithinji akachungulia kwenye upenyo wa pazia. Jaji mmoja alikuwa akimwigizia mwenzake mwendo wa Misheck, mikono kiunoni kama ameshika bastola. Walikuwa wakicheka mchezo wake, mchezo alioutunga kwa kuwazungukia wazee nyumba kwa nyumba, akiokota maneno yao wenyewe. Uso wa Kithinji ukabadilika. Hata moyo wa kuku una kikomo.

"Ingia," akasema. "Lakini useme yaliyoandikwa. Usiongeze hata neno moja."

Makandi alikuwa anabandika masharubu.

Pazia likafunguliwa. Watu walikuwa tayari kucheka, wengine walishaanza. Ndipo D.O. akageuza kichwa, akaitazama safu ya wafungwa, akauliza kwa uchovu ni nani anafuata.

Kicheko kikakatika.

Ilikuwa ile sauti. Imebanwa menoni, haina haraka, haina haja ya kupazwa kwa sababu imezoea kusikilizwa. Vijana hawakuijua, wakainamishana vichwa wakiulizana msichana huyu ametoka Ulaya lini. Lakini wazee waliijua. Huko kwenye mabenchi, mzee mmoja akaweka mkono juu ya goti la mkewe. Na Mzee Salesio akaishika mikono ya kiti chake, akaishika hasa, asije akainuka.

Mfungwa akasukumwa mbele. Kwenye maandishi ya Mwalimu, hapo D.O. anaamuru mtu apelekwe kambini, na mkalimani anatafsiri. Kithinji alisimama kando yake, tayari.

Makandi akamtazama mfungwa. Akatazama ukumbini, mpaka nyuma kabisa alikoketi mama yake. Kisha akayasema, kwa Kiingereza kile kile, kwa uchovu ule ule: hakuna kesi juu ya huyu mtu, mwacheni aende nyumbani.

Maskini Kithinji! Alikuwa na hofu nyingi kiasi kwamba alisikia sauti tu, maneno hakuyasikia. Mazoezi ya miezi yakamfungua kinywa, akatoa yale aliyoyaokota kwa wazee.

"Bwana D.O. amesema huyu ni mbaya! Mpandisheni lori!"

Ukumbi ukalipuka.

"Uongo!"

"Hakusema hivyo!"

"Wewe mkalimani, amesema aachiliwe! Tumesikia!"

Makarani walikuwa wamesimama, walimu wamesimama, mwanafunzi mmoja alirusha kofia yake jukwaani kwa hasira. Kithinji akaduwaa, anamtazama Makandi, anawatazama watu, hajui amekosea wapi.

"Hajakosea!"

Sauti ilitoka nyuma. Felicitas alikuwa ameshashika njia ya katikati, anashuka, leso kaifunga kiunoni.

"Hajakosea huyu mwalimu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mzungu alisema vile, na mkalimani akasema hivi, na mume wangu akapandishwa lori mimi nikiangalia." Alifika mbele. "Salesio Muthamia. Mkalimani alikuwa wewe."

Wakubwa wa safu ya mbele wakageuza shingo kumtazama.

"Askari!" Mzee Salesio akainuka. "Toeni huyu mama nje, amelewa!"

Askari mmoja akasogea. Lakini kina mama wa Siakago walikuwa bado wanarudi kwenye viti vyao, na ghafla wote wakakumbuka kufunga viatu hapo hapo njiani, wameinama, makalio yamefunga njia yote. Askari akaomba nafasi kwa adabu. Hakupewa.

Juu ya jukwaa Makandi akabandua masharubu. Angeweza kumwita Mzee kwa ile sauti, na alijua angeitika. Hakutaka. Hakutaka mtu huyo amjibu mzungu tena. Alimtaka amjibu mtu wa Githongo.

"Mzee Salesio," akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile ya ofisini ya kuuliza barua ziende wapi. "Siku ile, yule mzungu alisema nini?"

"Mimi nilikuwa mkalimani tu!" Jasho lilikuwa limeshaloanisha kola. "Nilikuwa kinywa tu! Kinywa kinahukumiwa?"

"Basi kinywa, sema," Felicitas akamwambia.

"Sema!" mtu akapaza sauti.

"Sema! Sema! Sema!" ukumbi mzima ukaitikia, miguu inapiga sakafu.

Mzee Salesio akatazama mlango wa kulia, umefungwa na kina mama. Akatazama wa kushoto, umefungwa na wanafunzi. Akawatazama wakubwa aliokaa nao, kila mmoja ameona kitu cha kutazama darini.

"Alisema aende nyumbani," akanong'ona.

"Sikusikia."

"Alisema aende nyumbani! Haya! Alisema aende nyumbani! Sasa umeridhika?"

"Bado," Felicitas akasema. "Lakini sasa nimesikia."

Vigelegele vilivyopigwa hapo, msomaji, vilisikika mpaka sokoni. Makandi aliruka kutoka jukwaani na kaptura yake ya kaki, akamkumbatia mama yake, na mama akamshikilia kwa nguvu ambazo hakujua bado anazo. Misheck alikuwa anacheza peke yake nyuma ya pazia, nguo ya ndani na soksi. Hata Mwalimu Kithinji alikuwa anapiga makofi, analia, anapiga makofi.

Mzee Salesio akachukua kofia yake. Watu wakampisha, kama mtu anavyompisha mbwa mwenye upele. Alikuwa ameshafika karibu na mlango.

"Huyo asiondoke."

Haikuwa sauti ya Felicitas. Mwanamke mkongwe wa kikundi cha Siakago alikuwa amesimama juu ya benchi, kashikwa kiuno na wenzake asianguke.

"Mimi naitwa Njura," akasema. "Siku zile nilikuwa mpishi wa uji kwenye kambi ya kule kwetu chini. Wewe mama wa Meru, nimesikia unasema mume wako. Uliambiwa alikufa?"

"Alifia njiani," Felicitas akajibu. "Kwenye lori."

"Uliambiwa lini?"

"Wiki ile ile."

"Na alikuwa anaitwa Marete? Mrefu, ana pengo hapa mbele, anaimba akifagia?"

Felicitas akamshika binti yake mkono mpaka kucha zikaingia.

"Basi mimi," Njura akasema, "nilikuwa nampakulia nani uji mwaka uliofuata?"

Mlangoni, mkono wa Mzee Salesio ulikuwa umeganda kwenye kitasa.

"Huyo mzungu alikuja kambini na huyu mkalimani wake. Akasimama mbele ya Marete, akasema maneno mengi, na huyu hakutafsiri hata moja. Alinyamaza tu. Nikajua ni maneno makubwa. Nikayashika." Bibi akacheka kidogo, bila furaha. "Nilifikiri ni mimi peke yangu mwenye wazimu wa kutunza Kizungu cha mtu."

Akanyoosha shingo. Midomo ikabana. Na kutoka juu ya lile benchi, katikati ya ukumbi wa Embu, D.O. yule yule akasema, maneno marefu, yamemezwa, yameshikana, na ndani yake, wazi kama kengele, jina la Marete.

Makarani wakatazamana. Walimu wakakunja nyuso, wanasikiliza, hawapati kitu. Lakini Makandi alipata. Alipata neno kwa neno, kuanzia la kwanza hadi la mwisho, na damu ikamtoka usoni.

"Makandi." Mama yake alikuwa amemgeukia, macho yamefunguka kama ya msichana. "Amesema nini kuhusu baba yako?"

Makandi akatazama mlangoni.

"Nitafsirie, mwanangu."

Katika ukumbi wote ule, watu wawili tu walikuwa wameelewa. Mmoja alikuwa Makandi. Wa pili alikuwa mlangoni, kofia mkononi, anamtazama, na polepole, kwa uso wa mtu anayeomba, anatikisa kichwa ili asiseme.

Makandi alikuwa ametoka Meru mpaka Embu juu ya magunia, ameacha kazi, kumwumbua mtu aliyepindisha maneno mbele ya mwanamke huyu huyu. Sasa mwanamke huyo anamngoja yeye. Na Makandi akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza akatamani kudanganya.